Muziki kwa wanawake na mabinti walionusurika ukatili: tunayoyaona huku Dodoma (uzi mrefu)

Mama Zabibu (mleta uzi)

Mbukwenyi wanajukwaa.

Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo nimeamua kuliandika. Ni refu. Mwenye haraka apite, atalikuta jioni.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, nimeimbisha miaka kumi na minane. Miaka mitatu sasa, kila Jumamosi saa nane mchana, nakaa na kikundi cha wanawake na mabinti kwenye kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino. Wote wamepitia ukatili. Wapo waliopigwa na waume zao hadi kulazwa, wapo waliobakwa, wapo waliokeketwa, na yupo binti aliyeozwa akiwa darasa la sita akatoroka usiku. Kijiji sikitaji, na habari zao nimezigeuza hapa na pale ili mtu asitambulike. Wao wenyewe wamenipa ruhusa ya kuandika. Tuna ngoma nne za muheme, kayamba mbili na zeze moja. Na tuna dada wa ustawi wa jamii, mshauri nasaha, anayekaa nasi mwanzo hadi mwisho. Siku asipokuja, tunakunywa uji na kupiga soga tu, hatugusi ngoma.

Watu wakisikia "muziki kwa manusura" wanadhani ni kuwachangamsha akina mama wasahau. Sivyo, na ndiyo sababu naandika.

Tiba ya muziki kama taaluma ya chuoni ilishika kasi Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, kwenye hospitali zilizopokea askari waliorudi na miili mizima na vichwa vilivyovurugika. Baadaye wakatokea wataalamu wanawake wakauliza swali zito: ukimtibu mwanamke anayepigwa nyumbani kama vile ugonjwa uko kichwani mwake tu, si umeshamwambia kwamba tatizo ni yeye? Mmoja wao ni Sandra Curtis, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Concordia kule Montreal. Alikaa na wanawake waliopigwa na wenza wao, wakachambua pamoja maneno ya nyimbo za mapenzi wanazozisikia kila siku: wimbo huu unasema mapenzi ni nini? Unasema mwanamke mwema ni yupi? Kisha wanawake wakatunga nyimbo zao. Hiyo ndiyo wanayoiita tiba ya muziki ya kifeministi. Humo mtaalamu hakai juu ya mgonjwa, na kidonda cha mtu mmoja hakitenganishwi na desturi iliyokiruhusu.

Niliposoma habari hizo mara ya kwanza nilidhani ni mambo ya mbali. Hadi siku tulipouchukua wimbo mmoja wa kumuaga bi harusi, wimbo ambao kila mmoja pale aliimbiwa au alimwimbia mwenzake. Ujumbe wake mnaujua, upo wa namna hiyo kila kabila: nenda katulie, yakikufika yafiche, siri ya chumbani isivuke kizingiti. Tuliuimba wote, vizuri, kwa sauti zote. Kisha dada wa ustawi akauliza swali moja tu: "Nani alitunga?"

Kimya. Kuku walikuwa wanaparua nyuma ya jiko, unawasikia.

Mama mmoja wa miaka sitini na kitu, mwenye sauti ambayo ningeipata kwenye kwaya yangu ningemshukuru Mungu, akaweka kayamba chini. Akasema: "Aliyetunga simjui. Ila aliyekuwa anauimbisha kijiji hiki ni mimi. Nilimwimbishia na binti yangu." Binti yake alirudi nyumbani mwaka wa pili wa ndoa akiwa na taya lililovunjika. Wakamrudisha kwa mumewe. Alirudi tena mara tatu.

Hakuna aliyemfariji haraka. Tulikaa naye hivyo hivyo. Jumamosi iliyofuata alikuja na maneno mengine kwenye sauti ileile ya wimbo: nenda, na njia ya kurudi usiisahau, mlango wa mama hauna komeo. Sasa unaimbwa hivyo hapo kijijini, nimeusikia hata kwenye sherehe ambayo sisi hatukuhusika. Kazi ya kifeministi ninayoijua mimi ni hiyo.

Jambo la pili. Kuna binti wa miaka kumi na tano aliyefika akiwa hasemi. Si bubu, ameacha tu kusema. Wiki tatu alikaa ukutani. Wiki ya nne alivuta ngoma ndogo, akaibana katikati ya mapaja kama wafanyavyo wenzake, akaanza kupiga. Alikuwa nje ya mapigo kabisa. Mikono yangu ya mwalimu wa kwaya iliwasha, nilitaka nimwekee hesabu. Mama mwenye ngoma kubwa akaniwahi. Hakumtazama hata binti. Alipunguza mwendo wake taratibu hadi akakutana na mapigo ya yule mtoto, wengine wakamfuata, na baada ya dakika chache yule aliyekuwa nje ndiye aliyekuwa anaongoza ngoma nne. Akiharakisha tunaharakisha. Akinyamaza, wote kimya. Alilijaribu hilo mara tano au sita: ananyamaza, anatuangalia, anaanza tena. Mtoto ambaye alisema "hapana" na hapana yake haikusikilizwa, sasa anasimamisha watu wazima kumi na mmoja kwa kuinua kiganja.

Nimeimbisha miaka kumi na minane na sikuwahi kufikiri muziki unaweza kutumika hivyo.

Sasa swali langu kwenu, hasa Wagogo, Warangi na Wanyaturu mliomo humu. Muheme ni ngoma ya wanawake, mnajua. Kwingine ngoma hupigwa na wanaume, kwetu mama ndiye anayeibana mapajani. Lakini ngoma hiyohiyo ndiyo iliyopigwa kwenye nyua walikokeketwa mabinti. Ilipigwa kwa furaha, na ilipigwa kwa nguvu, na mtoto akilia hasikiki. Je, ni haki kuitumia kuwaponya walewale? Mimi naitumia, na kila Jumamosi najiuliza.

Nyuki wa Kondoa

Dada Mama Zabibu, nimesoma hadi mwisho na hilo la njia ya kurudi limenigusa, nina dada zangu watatu.

Ila nikushauri kama kaka. Neno ufeministi litakuangushia kazi. Ukienda na neno hilo kwa mtendaji au kwa wazee, watasema umeleta mambo ya Ulaya kuvunja ndoa. Fanya kazi, neno liache.

Mama Zabibu

Kaka yangu, asante. Pale kijijini neno hilo halijawahi kutamkwa, si kwa kuficha, hakuna aliyelihitaji. Mama wa miaka sitini akisema "aliyekuwa anauimbisha ni mimi" ameshafika mahali ambapo wasomi hufika kwa vitabu.

Hapa jukwaani nalitaja kwa sababu bila hilo watu hawaoni tofauti. Kuna muziki wa kumtuliza mwanamke ili arudi kuvumilia, na huo tunao tele, mwingine nimeufundisha mwenyewe. Mtu akinitaka niseme kazi yangu ina tofauti gani na huo, sina neno jingine.

Na la Ulaya sikubaliani nalo. Siti binti Saad aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili aliimba habari ya mwanamke aliyeuawa Zanzibar na muuaji akakimbilia bara. Karibu miaka mia imepita. Wanawake wa kwetu kuusema ukatili kwa wimbo, mbele za watu, hawakufundishwa na mtu.

Nesi wa Zamu

Mleta uzi, nakuheshimu, ila nitasema wazi kwa sababu mimi ndiye ninayewapokea usiku.

Kwanza, nyimbo zisitangulie hospitali. Aliyebakwa afike kituo cha afya mapema iwezekanavyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Asioge, asifue nguo, aje nazo, na kama ameshaoga aje tu. PF3, ile fomu ya mtu aliyeumizwa kwenda kutibiwa, inatoka polisi, na polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, msiende kaunta ya kawaida mkaeleza mbele ya foleni. Baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono ambapo daktari, polisi na ustawi mnawakuta mahali pamoja. Kwa mtoto, piga 116, haina malipo.

Pili, usiite tiba. Mtaalamu wa tiba ya muziki anasomea chuoni miaka. Mtu mwenye kiwewe ukimchokoza vibaya na ngoma anaweza kurudi palepale tukio lilipotokea, kwa mwili mzima: jasho, kutetemeka, kushindwa kupumua. Nimewaona. Tuna Mirembe hapa hapa Dodoma, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na watu wanaogopa kwenda kwa sababu ya jina tu. Msiwaongezee sababu za kutokwenda.

Mama Zabibu

Dada Nesi, la kwanza nalipokea lote na naomba kila anayesoma alinakili.

La pili umenishika, na umesema haki. Pale kijijini tunaita "kikao", na mimi naitwa mwimbishaji. Wawili tumewasindikiza Mirembe, mmoja anatumia dawa na bado anakuja Jumamosi. Nitakueleza tunavyofanya ili unisahihishe. Mlango haufungwi, kila mtu anakaa mahali anapouona. Hatufumbi macho. Hatuzimi taa wala hatuombi mtu asimulie yaliyompata, miaka mitatu sijawahi kumwomba mtu asimulie. Tunaanza kwa kuvuma tu, midomo imefungwa, pumzi ndefu ya kutoka, kwa sababu mtu akivuma pumzi yake inarefuka bila kuambiwa "tulia", na moyo unafuata. Akianza kutetemeka mtu, ngoma zinasimama, dada wa ustawi anakaa karibu naye bila kumgusa, anamwambia jina la mahali alipo, siku ya leo, nani yupo. Anashika kikombe cha maji baridi.

Kuna kosa hapo?

Nesi wa Zamu

Hapana. Hapo umefanya vizuri kuliko wodi nyingi. Endelea na huyo dada wa ustawi, usimwachie aende.

Udongo Mwekundu

Mimi huwa nasoma tu, sichangii. Leo nimejiunga kwa ajili ya uzi huu.

Swali lako la muheme nitalijibu mimi.

Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka ngoma kuliko ninavyokumbuka kisu. Nakumbuka shangazi yangu aliyekuwa anapiga, nilimpenda sana, alikuwa ananiletea ubuyu. Nilimwita. Alikuwa karibu, kama kutoka hapa nilipo hadi mlangoni. Hakusikia kwa sababu alikuwa anapiga. Au alisikia. Mpaka amekufa sijui.

Nina miaka arobaini na moja. Mnaposifia muheme kwenye maadhimisho, kwenye kampeni, kanisani siku ya mavuno, mimi natoka nje. Nasema nakwenda kupokea simu.

Wadogo zangu wawili walikatwa wakiwa wachanga, serikali ilikuwa imeshapiga marufuku. Usiku, bila ngoma. Mama alisema ni lawalawa, kwamba mtoto anaumwa huko chini na dawa yake ni hiyo. Wao hawakumbuki lolote. Mmoja ameniambia ananionea wivu kwamba mimi nakumbuka.

Basi swali lako. Sijui kama ni haki. Ila usimpe mtu ngoma hiyo bila kumuuliza.

Mama Zabibu

Dada yangu. Nimesoma mara nne. Pole haitoshi na sina neno lingine, pole.

Jibu lako limenifundisha kitu na nitaliandika polepole.

Wengine wanaosoma waelewe alichosema kuhusu wadogo zake. Sheria ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana chini ya miaka kumi na minane kuwa kosa la jinai. Watu hawakuacha wote. Wengi walishusha umri, wakaficha. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta Dodoma asilimia 47 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati taifa zima ilikuwa asilimia 10, na zaidi ya theluthi ya waliokeketwa nchini walikatwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Ngoma ilitoka uani ikapanda jukwaani, tukashangilia kwamba mila imebadilika. Kisu kilibaki ndani, kimya.

Kwenye kikundi tunao wa aina zote mbili. Waliokatwa na ngoma hushtuka ngoma inapolia. Waliokatwa wachanga hawashtuki, wao wanasema mwili una jambo ambalo hawajui wimbo wake. Hayo ni maneno ya mmoja wao. Nimekuwa nikiwapa wote ngoma ileile, siku ileile, kwa sababu mimi naipenda. Hilo nalibadilisha kuanzia Jumamosi hii.

Mpiga Kinanda

Naomba niingie hapa kwa unyenyekevu. Mimi nina studio ndogo mjini, maeneo ya Majengo. Ule wimbo wa mlango wa mama nimeusoma tu na tayari nausikia kichwani. Kwa nini msirekodi, mkauweka mtandaoni, nchi nzima ikausikia? Kule Bukavu, Kongo, hospitali ya Panzi ya Daktari Mukwege inayotibu wanawake waliobakwa, wanarekodi na manusura kabisa, studio iko kwenye programu. Nitafanya bure.

Mama Zabibu

Kaka, ahsante kwa moyo huo. Ya Panzi nayajua kiasi, na yanatuhusu kwa sababu wengi kule wanaimba Kiswahili kama sisi. Mwanamke anakaa na mshauri wa saikolojia na mtayarishaji wa muziki, anatunga, anarekodi, na walipowapima walikuta dalili za wasiwasi, sonona na kiwewe zimepungua. Lakini tazama mpangilio wake: mshauri yupo chumbani, na anayetunga ni mwanamke mwenyewe.

Nitakwambia kwa nini nasita. Mwaka wa kwanza, zile siku 16 za kupinga ukatili, Novemba 25 hadi Desemba 10, ofisi moja ilituomba tutumbuize. Nilikubali. Nilikuwa na fahari nao, sikujua hatari yake. Tulifika, kuna mahema, kuna vipaza sauti, kuna fulana zimeandikwa "manusura" mgongoni. Tukavalishwa. Yule binti aliyekuwa hasemi alikuwa ameanza kusema kidogo wakati huo. Mwenye kipaza sauti akamvuta mbele akamwambia, "Binti, tueleze yaliyokupata." Mbele ya watu mia tatu, na mjomba wa aliyembaka akiwa amekaa safu ya pili.

Hakusema. Alivua ile fulana pale pale, akaiweka chini, akaondoka. Hakuja kikundini wiki sita. Nilimfuata kwao mara mbili, mara ya pili nikamwambia kosa ni langu, nilikubali kwa niaba yake bila kumuuliza. Akasema, "Ndiyo." Neno moja. Alirudi wiki mbili baadaye.

Kwa hiyo kurekodi, nitawauliza Jumamosi, mmoja mmoja, nje ya kikao, na atakayesema hapana sitamuuliza sababu. Ukija, uje bila kamera.

Mpiga Kinanda

Nimeelewa. Nitangoja, hata mwaka.

Baba wa Watatu

Wakuu samahani. Binti yangu wa miaka kumi na tatu alifanyiwa kitendo mwezi wa nne na mtu tuliyemwamini. Kesi ipo mahakamani. Haongei na mimi, anaongea na mama yake tu. Akiwa peke yake anaimba chini chini, nikiingia ananyamaza. Nimekuwa najiuliza nimwambie aendelee au nijifanye sisikii. Naombeni ushauri.

Nesi wa Zamu

Pole sana baba. Muulize mama yake kama ameanza ushauri nasaha, kama bado nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze pa kwenda.

Mama Zabibu

Baba, usijifanye husikii na usimwambie aendelee. Kabla ya kuingia, kohoa kidogo au gonga mlango, ajue ni wewe na ajue una muda wa kusubiri. Akinyamaza, mwambie tu "nimekuja kuchukua kitu fulani", chukua, toka. Kila siku. Nyumba ambamo mtu anagonga kabla ya kuingia, mtoto wako anaihitaji sasa kuliko maneno. Na huo wimbo ni wake, usimuombe akuimbie. Siku akiwa tayari hatanyamaza ukiingia.

Shuleni mtoe kwenye maigizo ya kupinga ukatili kama wapo wanaomshawishi. Asionyeshwe.

Baba wa Watatu

Asante. Nitagonga.

Udongo Mwekundu

Nimerudi. Nilikuwa nasoma majibu yote.

Mama Zabibu, Jumamosi una nafasi? Sitaki kushika ngoma. Nataka kujua tu inasikikaje ikipigwa na mtu anayeweza kusimama akiambiwa simama. Nitakaa nje kwanza.

Mama Zabibu

Nafasi ipo. Nje kuna benchi chini ya mkwaju, unaona ndani na barabarani pia. Tunaanza saa nane lakini saa saba tunakuwa tumeshafika, tunaanika ngoma juani ngozi zikaze, kwa hiyo utazikuta zimelala tu, hazilii.

Nitawaambia wenzangu: ukiinua kiganja ukiwa hapo benchini, wote wanasimama. Nimekutumia namba yangu faraghani. Ukifika usipige, tuma ujumbe nitoke.